Usiitike Mpaka Uone Mdomo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, punguzeni kelele za sufuria, na mwenye mtoto mkononi ambembeleze kidogo. Leo tunamkumbuka mkunga. Mkunga mmoja, aliyefanya kazi katika wodi moja ya wazazi, tangu akiwa msichana mwembamba mwenye viatu vya kuazima mpaka alipostaafu miguu imemvimba. Amefariki mwezi uliopita, mchana, nyumbani kwake, kichwa chake kikiwa mapajani mwa binti yake. Hilo la mchana lishikeni. Nitalirudia.

Jambo moja kabla hatujaanza. Jina lake hatutalitaja. Najua mnashangaa, na hata mimi nilishangaa. Kipindi cha kumbukumbu bila jina la marehemu ni harusi bila bwana harusi. Lakini familia imetuomba, tumekubali, na kabla sijazima kipaza sauti hiki mtajua kwa nini. Ninachoruhusiwa kusema ni kwamba ni jina la kuzaliwa, fupi, tamu kulitamka. Zamani lilikuwa na mtu mmoja tu duniani, kwa kadiri familia yake inavyojua. Leo wenye jina hilo hawahesabiki. Pengine wewe unayepiga pasi hapo unalo. Kama unalo, unajijua, na kama mama yako alijifungulia katika wodi ile, basi aliyekupa ni huyu huyu mama.

Wodini walimwita Bibi Plasta. Nasi tutamwita hivyo.

Bibi Plasta alikuwa mtoto wa seremala. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili mbele na karakana nyuma, na ubavuni mwa karakana kulikuwa na uchochoro mwembamba wenye ukuta mrefu. Habari hizi tumezipata kwa binti yake. Binti ni mshonaji wa sare za shule. Alikuja studio na vidole vyenye alama za sindano, akakaa wima, akaomba maji, akasimulia. Ya zamani anayajua kwa kusimuliwa. Ya mwisho aliyaona kwa macho yake.

Anasema babu yake, yule seremala, hakulitunga lile jina. Hakulirithi pia. Alilisikia. Ilikuwa mchana, saa ile watu wameshakula na nyumba zimenyamaza. Mkewe alikuwa ndani na uchungu wa mimba ya kwanza, mama mkwe yuko naye, na seremala kafukuzwa chumbani. Akaenda karakana akawa anapiga randa ubao ambao haukuhitaji randa. Wanaume mliowahi kungoja mnaelewa. Mara akasikia sauti inaita uchochoroni. Inaita jina. Akaweka randa chini, akatoka kuangalia. Hakuna mtu. Uchochoro mtupu, na ukuta, na jua. Aliporudi ndani alimkuta mtoto ameshazaliwa, msichana, analia kwa nguvu zake zote.

"Jina tumeshaletewa," akamwambia mkewe.

"Kaleta nani?"

"Sijui. Kaliacha nje, kaenda zake."

Wakacheka wote. Mtoto akapewa jina hilo. Majirani walidhani linatoka ukoo wa mke, na ukoo wa mke ukadhani linatoka ukoo wa mume, na kwa sababu ya adabu hakuna aliyeuliza. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Huyo aliyezaliwa siku hiyo si Bibi Plasta. Huyo ni dada yake, ambaye Bibi Plasta hakuwahi kumwona.

Dada alikuwa mtoto mwenye adabu sana. Ukimwita anaitika, ukimwita tena anaitika tena, hachoki. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Basi mchana mmoja alikuwa karakana anafagia maranda, yale maganda ya mbao yanayojikunja. Mama yake alikuwa ndani anakunja nguo. Mama akasikia mtoto anaitwa. Akadhani ni mumewe. Akamsikia mtoto akijibu, "Abee!" Kisha, "Nakuja!" Kisha ufagio ukaanguka.

Mama akaendelea kukunja nguo. Ndipo akasikia kitu kingine, chumba cha pili, nyuma ya pazia. Mumewe alikuwa anakoroma.

Walimkuta mtoto uchochoroni. Amekaa chini, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyeambiwa subiri hapa. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na uhai pia. Daktari alisema ni moyo. Majirani walisema yao, mengi, kwa sauti ya chini. Mama mtu hakuliita tena lile jina kwa muda mrefu.

Alipopata mtoto mwingine wa kike, ndipo akalitaja. Alisema mtoto huyu ataitwa kama dada yake. Seremala alikataa katakata. Ni mara moja tu katika ndoa yao, anasema mjukuu wake, walipogombana mpaka majirani wakaja. Mama hakutaka jina lizikwe. "Ndicho kitu pekee alichoniachia," alisema. "Gauni lake limeshaliwa na mende. Unataka na jina lioze?"

Seremala akashindwa, kama waume wengi wanavyoshindwa. Lakini akaweka sharti, na sharti hilo ndilo lililomlea Bibi Plasta. Sharti lilikuwa hili: usiitike mpaka uone mdomo.

Narudia, maana leo hakuna jambo kubwa kuliko hili. Ukisikia unaitwa, nyamaza. Geuka. Tafuta mdomo uliokuita. Ukiuona, itika kwa adabu zako zote. Usipouona, hukuitwa.

Sasa fikirieni kukua hivyo. Shuleni mwalimu alimpeleka kupimwa masikio. Shangazi zake walisema mtoto ana kiburi, ameharibiwa. Wasichana wenzake walikuwa wanamwita kwa nyuma makusudi, halafu wanajificha, wamwone anavyozunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga. Naye alikuwa anazunguka. Wakati mwingine anamkuta mchokozi, wanacheka. Wakati mwingine hamkuti mtu.

"Mama alisema haikuwa sauti ya kutisha," ametuambia binti yake. "Ndiyo ubaya wake. Alisema ni kama mtu anayekujua, kaona kitu kizuri, anataka uje ukione kabla hakijaondoka. Alisema miguu ilikuwa inaondoka yenyewe. Ilikuwa inabidi ashike kitu."

Mumewe, ambaye naye ni marehemu, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya siku alipomfuata yule mkunga mpya kutoka lango la hospitali mpaka sokoni, anamwita kwa jina, na mwenyewe hata shingo haigeuzi. Watu wakaanza kumcheka. Muuza vitunguu mmoja akamwambia, "Kaka, mwache, hakutaki." Ikabidi akimbie, ampite, asimame mbele yake, amwite tena usoni. Akaitika papo hapo, "Abee," kwa upole, kama ndiyo mara ya kwanza. Dereva akachanganyikiwa akasahau alichotaka kusema. Walioana mwaka uleule.

Kosa la Bibi Plasta ni kwamba hakumwambia mumewe kisa kile. Alimwambia tu, "Sipendi kuitwa kwa nyuma." Mume akakubali. Alidhani ni maringo ya mwanamke mzuri, na maringo hayo aliyapenda.

Basi Bibi Plasta akapata mimba, akajifungua kwa shida, akalala siku nzima bila kujitambua vizuri. Wodi ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila kitanda kidogo cha mtoto kilibandikwa kipande cha plasta nyeupe ubavuni, na juu ya plasta linaandikwa jina, watoto wasichanganywe. Dereva wetu, kwa furaha na mapenzi, akaona amfanyie mkewe jambo la kumfurahisha. Akaomba kalamu. Akaandika jina la mkewe. Kisha akaenda wodi nzima anamtangaza mtoto, kitanda kwa kitanda, kwa sauti, na wagonjwa wakapiga vigelegele.

Mkunga mwenzake wa siku zile yupo hai. Ni mama mnene mwenye kicheko kirefu, lakini alipotusimulia hili hakucheka. "Alipoamka akasoma ile plasta, alipiga ukelele ambao sijausikia hata kwa wanaojifungua. Akaibandua. Akaitafuna, akaimeza. Tukadhani homa imempanda kichwani."

Lakini jina lilikuwa limeshatangazwa, kwa sauti, madirisha yakiwa wazi, mchana. Kulibadilisha aliona ni kazi bure. Kilichosikia kimeshasikia. Usiku na mchana alimkumbatia yule mtoto, anawaza. Jina sasa lilikuwa na watu wawili. Yeye, anayejua kunyamaza. Na mtoto, ambaye siku moja atajifunza kuitika, kwa sababu watoto hujifunza kuitika kabla ya kujifunza kukataa.

Aliporudi kazini, alikuwa ameshapata dawa. Wasikilizaji wapendwa, dawa yenyewe ndiyo hiyo iliyompa jina la utani.

Mnajua wazazi wengi hutoka wodini mtoto hajapata jina. Wanamngoja babu, wanamngoja mjomba aliye safarini, wanabishana. Plasta zao zilikuwa zinaandikwa tu "mtoto wa fulani". Bibi Plasta akaanza kusema hiyo inachanganya, mtoto anahitaji cha kuitwa akiwa hapa. Na kila mtoto wa kike asiye na jina alimwandikia jina lake mwenyewe. Kwa muda tu, aliwaambia. Mkifika nyumbani mtabadilisha.

Hawakubadilisha. Ukimwita mtoto kwa jina tangu ziwa la kwanza, jina limeshaota mizizi. Tena ni jina zuri, na mama yule alikuwa na mikono mizuri, na wengi waliona ni shukrani. Wenzake walimtania. "Wewe dada, unataka watoto wa mji mzima wawe wako?" Daktari mmoja alisema hajapata kuona majivuno ya namna ile. Naye anacheka nao, anakata plasta, anaandika, anabandika.

Binti yake alikuja kumuuliza, na jibu alilopewa ni hili: "Jina la watu wawili, akitafutwa mmoja anaonekana upesi. Jina la watu wengi, anayetafuta atachoka kuchagua."

Wenye jina wakajaa. Walipoanza shule ikawa ni kichekesho. Mwalimu akisema jina, nusu ya dawati la mbele inainuka. Ikabidi wapewe vitambulisho. Kulikuwa na Mrefu, kulikuwa na wa Dirishani, kulikuwa na Kamasi, masikini, ambaye leo ni mwanamke wa heshima na sitaki kumuudhi zaidi. Binti wa mkunga aliitwa wa Kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Na wa Kwanza alikuwa amelelewa kwa sharti lile la seremala. Mwenzetu hakuitika ovyo.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa wakati wa mitihani, mchana, shule imetulia, kalamu tu zinasikika. Mwalimu mkuu wa wakati huo ni mzee sasa, lakini kumbukumbu zake ni nzima. Nampa nafasi, haya ni maneno yake: "Nilikuwa nimesimama koridoni. Nikasikia madarasa yote, la chini na la juu, la huku na la kule, sauti za wasichana kwa pamoja: Abee. Mara moja tu. Kama wamefanyiwa mazoezi. Nikasikia viti vinarudi nyuma. Nikachungulia darasa la kwanza, nikakuta wamesimama watatu. La pili, wamesimama. Wote wanatazama upande mmoja. Mimi sikuwa nimesikia mtu akiita. Walimu hawakusikia. Watoto wengine hawakusikia. Waliosikia ni wale tu wenye lile jina."

Binti wa mkunga alisikia. Alikuwa darasa la juu kabisa, ameinama juu ya karatasi. Akashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Akageuka. Akamwona mwalimu, mdomo umefungwa. Akawaona rafiki zake wawili wamesimama, macho yametulia kama ya watu wanaosikiliza muziki wa mbali. Akabaki ameketi.

Walimu walipiga kelele, wakagonga meza, na wasichana wakazinduka, wakaketi, wakaona haya. Wote isipokuwa mmoja. Kulikuwa na kasichana ka darasa la kwanza, mtoto wa mama muuza maziwa. Haka kalikuwa kameshatoka darasani, kameshavuka uwanja, kanaelekea ukuta wa nyuma. Mpishi wa shule alikaona, akakakimbilia, akakashika mkono.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Naitwa."

"Na nani?"

"Si huyo hapo." Akaonyesha ukuta.

Mpishi alisema mkono wa yule mtoto ulikuwa baridi kama chupa ya maziwa. Akambeba. Mtoto akaanza kulia begani kwake, akasema alikuwa ameambiwa akae chini asubiri.

Saa hiyohiyo, mchana uleule, Bibi Plasta alikuwa wodini anafunga kitovu cha mtoto. Aliisikia ile sauti. Alinyamaza kama kawaida yake. Habari ya shule ilipofika hospitali, jioni, aliweka mkasi chini, akakaa sakafuni katikati ya vitanda, na wakashindwa kumwinua.

Nyumbani alimwita binti yake, akamsimamisha mbele yake, uso kwa uso, akamweleza yote. Seremala, uchochoro, dada, plasta. Alimaliza kwa maneno ambayo binti anasema hajayasahau hata siku moja: "Nilikuficha wewe nyuma ya watoto wa watu."

"Nilimchukia," ametuambia binti. "Ndiyo, nilimchukia, niseme ukweli. Wale walikuwa rafiki zangu. Kamasi nilikuwa namfuta mimi hizo kamasi. Na yule mdogo wa maziwa, mama yake alikuwa anatuletea kibuyu bure kila mwisho wa wiki, kwa sababu mama alimzalisha. Nilikuwa nayanywa hayo maziwa."

Tangu siku hiyo Bibi Plasta hakuandika tena jina lake popote. Alianza kazi nyingine, isiyo na mshahara. Kila siku ya mapumziko alivaa viatu vyake vya kitambaa, akaenda nyumba kwa nyumba. Alikuwa anawakumbuka wazazi wote, nani alijifungua kitanda gani. Anapokelewa kwa shangwe, anapewa kiti, analetewa mtoto. Naye anamshika mtoto kidevu na kumwambia, "Ukisikia unaitwa, usiitike mpaka uone mdomo. Sema na wewe." Mtoto anasema. "Tena." Anasema tena. Wengi walidhani ni mchezo wake. Mama wa maziwa peke yake alimtazama kwa muda mrefu, akamuuliza, "Kuna kitu unataka kuniambia, dada yangu?" Bibi Plasta akasema hakuna. Akatoka bila kunywa maziwa. Hilo lilimuuma mpaka mwisho wa maisha yake.

Lakini jina lilikuwa limeshaota miguu. Waliohama walihama nalo. Binamu wakapewa, wajukuu wakapewa, miji asiyoijua ikalipokea. Siku moja aliliona limeandikwa juu ya saluni. Siku nyingine aliliona kwenye sabuni ya kufulia. Binti alicheka, akadhani mama naye atacheka. Mama aliigeuza ile sabuni, maandishi yakaelekea ukutani. Baadaye akasikia habari ya msichana wa mji wa mbali, mwenye jina hilo, aliyekutwa mchana ameketi chini, mgongo ukutani, mikono magotini. Watu wa huko walisema ni joto kali. Bibi Plasta hakubishana na mtu. Aliacha kula kwa siku kadhaa, na alipoanza tena kula alikuwa ameshakuwa bibi kizee.

Wasikilizaji wapendwa, mwezi uliopita. Ilikuwa mchana. Alikuwa mgonjwa wa miguu na kifua, hatoki nje. Binti yake alikuwa amekaa kitandani, kampakata kichwa, anamchana nywele zilizobaki. Cherehani imefunikwa. Dirisha liko wazi. Hapo ndipo sauti ikaita.

Wote wawili waliisikia, maana wote wawili wana jina hilo. Binti anasema iliita kwa furaha, kama zamani, kama mtu aliyeona kitu kizuri. Anasema baada ya maisha yote ya kunyamaza, siku hiyo alikuwa amechoka, na mdomo wake ulifunguka. Kabla neno halijatoka, mkono wa mama yake uliinuka ukamziba. Kiganja kinanuka sabuni. Yule bibi, ambaye hakuwahi kuitika bila kuona mdomo tangu alipojifunza kusema, akageuza uso dirishani na kuitika.

"Abee."

Nje kukawa kimya. Si kimya cha kawaida, anasema. Kimya cha mtu aliyeshtuka.

"Ni mimi mwenyewe," mama akasema. "Ndiye mimi uliyekuwa unamtafuta. Hao wengine niliwaandika kwa plasta tu. Waache. Nakuja."

Kisha akamtazama binti yake, mkono bado uko mdomoni kwake, akamwambia polepole, "Na mimi nikikuita, mwanangu, usiitike. Hata ukiijua sauti. Umesikia? Hata ukiijua." Binti hakuweza kujibu, amezibwa. Akatikisa kichwa kukubali. Mkono ukawa mzito, ukateleza, ukaanguka juu ya shuka.

Mazishi yalijaa kuliko eneo lenyewe. Walikuja wanawake wenye jina lile, wengi, wenye watoto na wasio na watoto. Mrefu alikuja. Wa Dirishani alikuja. Mtoto wa maziwa alikuja, mwanamke mzima sasa, ana mimba. Msemaji wa familia alipolisoma jina la marehemu mbele ya kaburi, watu wengine walishangaa kuona wanawake wale wote wanainua vichwa kwa pamoja, wanamtazama mdomo. Wakahakikisha. Kisha wakainama wakalia.

Tangu siku hiyo, wanasema, hakuna aliyeitwa.

Hapo ndipo tulipopanga kumalizia kipindi. Lakini kuna kitu kilitokea wakati tunarekodi, na binti ameturuhusu tukiseme. Alikuwa amemaliza kusimulia. Ilikuwa mchana. Fundi mitambo wetu alikuwa nyuma ya kioo, mimi nimekaa mbele ya binti, na hapakuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyesema kitu. Ghafla binti akainua kichwa. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akatazama mdomo wangu. Akatazama mdomo wa fundi. Akatazama mlango. Machozi yakaanza kumtoka, yanaingia shingoni, na hakuyafuta, kwa sababu hakutaka kuachia meza.

Baadaye nikamuuliza kama ameisikia tena.

"Hapana," akasema. "Siyo ile. Hii naijua."

Tukaisikiliza tena ile sehemu ya rekodi. Sisi hatukusikia kitu, ila pumzi zake.

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa wakunga wote waliofanya naye kazi, na kwa mama muuza maziwa aliyepiga simu leo asubuhi kusema alijua siku nyingi na alisamehe siku nyingi: poleni sana. Pokeeni rambirambi zetu. Mmempoteza mtu aliyefanya kosa kubwa kwa mapenzi, akalilipa mwenyewe mchana kweupe.

Nanyi nyote tafakarini. Watoto wetu tunawapa majina kwa furaha, tunayatangaza madirishani, wala hatuulizi nani mwingine anasikiliza. Kama una jina lile, wafundishe wanao. Kama leo mchana utasikia unaitwa, hata iwe ni sauti uliyoililia, tulia kwanza. Geuka. Tafuta mdomo.

Mimi hapa nasema nanyi tangu mwanzo, nyumba zenu zote, na hakuna hata mmoja wenu anayeuona mdomo wangu. Ndiyo maana jina lake sijalitaja.